Nakala kwa Madam

Naitwa Swafiya, mtu wa Mombasa, na huu ni mwaka wa sita nafundisha kompyuta katika shule moja ya binafsi huku Al Twar, Dubai. Asubuhi nafundisha watoto. Jumatano, watoto wakishapanda mabasi yao, nafundisha walimu wenzangu, na hao ndio wanafunzi wagumu. Mtoto ukimwambia abonyeze hapa, atabonyeza. Mwalimu atakueleza kwanza kwamba ana shahada mbili.

Darasa lenyewe ni la mambo madogo ya kila siku. Jinsi ya kutuma barua pepe yenye kiambatisho bila kukisahau kiambatisho. Jinsi ya kumjibu mtu mmoja bila kuwajibu wote, somo ambalo Ustadh Mohannad, mwalimu wetu wa Kiarabu, amelirudia mara nne, na bado kila Ijumaa anawatakia walimu thelathini Ijumaa njema, na walimu thelathini wanamjibu, wote kwa wote. Lakini somo ninalolipenda ni la kichwa cha barua. Hilo nimelipigia kelele mpaka koo limekauka. Msiandike "Habari". Msiandike "Muhimu sana". Kichwa kijitosheleze, mtu akikisoma hicho tu, hata asipoifungua barua, ajue umemwandikia nini.

Sasa kuna desturi ya pale shuleni ambayo sikuianzisha mimi ila niliilea. Mwalimu akisahau paswedi yake hamwendei mtu mwingine, ananijia mimi. Namtengenezea mpya, naiandika kwenye daftari langu jekundu, ili akisahau tena tusihangaike. Mwaka haukuisha wakawa wananiletea wenyewe hata kabla hawajasahau. "Dada Swafiya, niandikie na yangu." Kama mtu anavyomwachia jirani ufunguo anaposafiri. Nilijua si sawa, maana mimi mwenyewe ndiye ninayewafundisha kwamba si sawa. Lakini kuaminiwa kuna utamu wake, na ukurasa wa kwanza wa daftari nikaandika na paswedi yangu, ili wasione kwamba najitenga.

Januari, Jumamosi moja, Madam Afrah akaniita ofisini. Madam ndiye mwenye shule na ndiye mkuu wake. Akaniambia nije na daftari.

Si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke, kwa sababu angekuwa mbaya kazi yangu ingekuwa nyepesi. Alinikaribisha chai na tende. Akanieleza kwamba walimu wanamwacha katikati ya mwaka, wanaitwa na shule nyingine kimyakimya, na watoto wa watu wanabaki wiki tatu bila mwalimu, jambo ambalo lilikuwa kweli. Alichotaka ni kwamba kila barua inayomfikia mwalimu kwenye anwani ya shule, nakala yake imfikie na yeye.

"Anwani ni ya shule," akasema. "Shule ni yangu. Khalas."

Akanisogezea karatasi nisaini: nikimwambia mtu yeyote, siku hiyo hiyo kazi imekwisha. Nikasaini. Tukakaa pale mpaka alasiri, mimi nafungua akaunti moja baada ya nyingine kwa daftari langu, naingia kwenye mipangilio, naandika anwani ya madam mahali pa kupelekea nakala, na yeye ananisomea tarakimu za kuthibitisha zilizokuwa zinaingia kwenye simu yake. Alikuwa akizisoma polepole, mara mbili mbili, nisikosee. Nikampangia na mafaili, kila mwalimu na lake, kwa jina.

"Na ukiwa likizo?" akaniuliza. "Nani atafanya akija mwalimu mpya?"

Basi nikamwandikia maelekezo ukurasa mmoja, hatua kwa hatua, na vijipicha vya mahali pa kubonyeza. Niliyaandika vizuri kiasi kwamba hata Zein, mpwa wake anayekaa mapokezi na kuchapa kwa kidole kimoja, angeweza kuyafuata. Nilijivunia ile karatasi, Mungu anisamehe. Daftari langu lilibaki kwenye droo ya madam.

Utaniuliza kwa nini sikukataa. Mume wangu, Hashir, alikuwa na kazi kwa wakala wa mizigo kule Deira. Wakala akafunga, na tangu hapo kibali cha Hashir cha kukaa nchi hii kimening'inia kwenye changu. Binti yetu, Najla, yuko darasa la tatu shuleni hapo hapo, kwa hisani ya madam, na hisani hiyo haijaandikwa mahali popote. Nikiguswa mimi, nyumba nzima imeguswa. Nilikuwa nikiamka kila siku nikijua hivyo, kabla hata sijakumbuka ni siku gani.

Machi, Faustine, Mtanzania aliyekuwa akifundisha hesabu, aliandikiwa na shule ya Abu Dhabi siku ya Jumatatu. Jumatano aliitwa ofisini. Wiki iliyofuata alikuwa uwanja wa ndege na masanduku yake, na ile shule ya Abu Dhabi, sijui iliambiwa nini, haikumwandikia tena. Walimu wakaanza kujiuliza madam amejuaje. Wengi walimshuku Mohannad kwa sababu anaongea na madam Kiarabu. Maskini wa Mungu, mtu wa salamu za Ijumaa, wakawa wakimwona anaingia wanabadilisha mazungumzo. Mimi nilikuwa nakoroga chai yangu na kunyamaza, na sikuwahi kujichukia vile.

Aliyechukua darasa la Faustine ni Prossy, msichana wa Uganda, wa Masaka, aliyeajiriwa Desemba. Mkataba wake unasema ni msaidizi wa darasa, lakini anafundisha vipindi sawa na sisi wote. Kitanda chake kiko Deira, chumba cha watu sita, na kila asubuhi anafika kabla mlinzi hajamaliza kuzungusha funguo. Kwenye darasa langu la Jumatano yeye ndiye anayeandika kila neno. Nikisema tip ya leo, anapigia mstari. Bado yuko kwenye miezi ya majaribio, kwa hiyo madam anaweza kumwondoa bila kutoa sababu.

Jumatatu ya wiki iliyopita tulikuwa tunaosha vikombe kwenye chumba cha walimu.

"Dada Swafiya, niko na siri."

"Kama ni siri usiniambie," nikasema, na sikuwa natania.

Akacheka, akaniambia. Shule ya Sharjah imemfanyia mahojiano. Wamempenda. Wanamchukua kama mwalimu kamili, kwa jina la mwalimu, na chumba chake mwenyewe. "Wamesema barua ya kazi italetwa wiki hii, by Thursday."

"Wanaileta wapi?"

"Kwa imeili."

"Imeili gani, Prossy?"

"Ya shule."

Nilikuwa na mkono ndani ya kikombe, nikauacha humo humo. "Kwa nini ya shule? Huna yako?"

"Iko, lakini niliifungua nikiwa S2, mtoto wa sekondari. Inaitwa prossybabie256." Akafunika uso kwa kitambaa cha vyombo. "Sasa nimpe headmaster hiyo? Hii ya shule iko na heshima. Inaonyesha mimi ni mwalimu wa ukweli."

"Fungua nyingine leo. Mimi nitakusaidia. Waandikie umebadilisha."

"Nikibadilisha katikati wataona mimi ni mtu wa janja janja. Nilishaandika hiyo kwa form zote." Akaniangalia. "Kwani hii iko na shida gani?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Nililiona linavyotoka, na nikamwona akilini Zein anakuja kuchukua ufunguo wangu, na Najla anatolewa darasani na begi lake.

"Haina shida," nikasema. "Nasema tu."

Siku hiyo nyumbani sikula. Hashir akajua, kwa sababu biriani ya jana huwa siiachi. Nikamweleza kwa sauti ya chini. Najla alikuwa mezani anapaka rangi ramani ya falme saba.

"Mwambie huyo binti," Hashir akasema.

"Na karatasi niliyosaini?"

Akamtazama Najla muda mrefu. "Basi usimwambie," akasema. Halafu akaondoa sahani yake mwenyewe, akaenda kusimama jikoni. "Sijui, Swafiya. Usiniulize mimi."

Nikafikiri peke yangu. Ningeweza kumwomba Prossy paswedi yake, angenipa bila kuuliza, nikaingia nikaitoa anwani ya madam. Lakini madam anafungua yale mafaili kila asubuhi na kahawa yake. Faili la Prossy likinyamaza peke yake, atajua, na atajua ni nani, kwa kuwa pale shuleni mtu wa kufanya kitu kama hicho ni mmoja tu. Ila yakinyamaza yote thelathini kwa pamoja, hilo linaweza kuwa jambo la kompyuta. Madam hajui kompyuta. Kompyuta kwake ni kama hali ya hewa, ikiharibika anamuuliza Swafiya.

Basi nikabadilisha somo la Jumatano. Lilikuwa liwe la kupunguza ujazo wa kisanduku cha barua. Nikaliita "Barua zako zinakwenda wapi". Kwa kawaida Jumanne huwatumia walimu maelezo ya somo kwa barua pepe. Safari hii nikagundua siwezi, maana nakala thelathini za maelezo hayo zingempata madam kabla ya kahawa. Mwalimu wa barua pepe nikaenda kwenye mashine ya fotokopi kama karani wa zamani, nikatoa karatasi thelathini, nikazificha chini ya mtandio wangu mpaka maabara.

"Mbona karatasi, Dada Swafiya?" wakaniuliza.

"Mtandao unasumbua. Simu zote mezani, kifudifudi. Leo tunatumia kompyuta tu."

Hilo la simu halikuwa mapambo. Mahali pale pa nakala hapaonekani kwenye simu, na walimu wetu hawasomi barua mahali pengine. Ndiyo maana miezi yote ile hakuna aliyepaona.

Maabara yetu haina dirisha. Ina kiyoyozi kinachounguruma na mlango mmoja, na mimi nilisimama mbele nikiwa na projekta, nikitumia ile akaunti ya mfano niliyoifungua zamani kwa ajili ya mafunzo. Nikaonyesha gurudumu la mipangilio. Nikaonyesha mahali pa kupeleka nakala. "Hapa kwangu pametulia, hakuna kitu. Angalieni kwenu pakoje." Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, na mimi mwenyewe nilishangaa.

Kwanza watu walitafuta miwani. Halafu Ashiraf, mwalimu wa michezo, akasema polepole, "Hii si ya madam?"

"Na kwangu iko."

"Hata mimi."

Mohannad akasogeza uso mpaka pua ikakaribia skrini. "Ya Rabb," akasema. "Salamu zangu zote za Ijumaa." Mtu mmoja akacheka, kicheko kibaya cha woga, na hakuna aliyemfuata. Niliona watu wawili watatu wakimwangalia Mohannad, kisha wakaangalia chini, nikajua wamekumbuka waliyokuwa wakimsema.

Prossy alikuwa ameshika kalamu juu ya daftari na haandiki. Halafu akainua mkono, kama anavyowafundisha watoto.

"Nani aliiweka?"

Ilikuwa nafasi yangu, hakuna mtu atakayeniambia haikuwa. Thelathini walikuwa mbele yangu, wote walishawahi kuniita dada.

"Mfumo," nikasema. "Ilikuja na mfumo."

"Tunaweza kutoa?"

"Ndiyo. Bonyeza hapo, halafu hifadhi. Msisahau kuhifadhi, bila hivyo inarudi."

Zikasikika zile sauti ndogo za kubonyeza, meza moja baada ya nyingine. Watu wakatoka. Karatasi nilizikusanya zote, nikazihesabu, nikazichana.

Alhamisi asubuhi madam akanipigia. "Swafiya, barua za walimu haziji. Hata moja."

"Mfumo umebadilika, madam. Wameongeza mambo ya faragha. Shule nyingi zinalalamika."

"Yalla, rekebisha."

"Inshallah, madam. Itachukua siku kidogo."

Akakubali. Akaniuliza pia kama kikohozi cha Najla kimepoa. Nikakata simu, nikakaa kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza tangu Januari nikavuta pumzi ikafika chini. Saa nne na nusu Prossy akapita mlangoni mwa maabara, hakuingia, akaniinulia kidole gumba na macho yamejaa machozi, akaenda zake darasani. Barua ilikuwa imekuja. Aliisaini wakati wa mapumziko akairudisha, na watu wa Sharjah wakamjibu kwamba wanaanza kibali chake siku hiyo hiyo. Madam hakuwa na la kumfanya tena isipokuwa kukasirika.

Saa saba nikafungua kisanduku changu cha barua. Juu kabisa kulikuwa na barua ya Prossy. Kichwa chake kilisema hivi: "Asante kwa kunionyesha kwamba barua zangu zilikuwa zinakwenda kwa madam, nimepata kazi Sharjah".

Nikatabasamu. Ndani kulikuwa na salamu, sentensi chache zilizopangika, jina lake kamili chini, na kiambatisho hakikusahaulika. Miaka sita ya Jumatano, na hiyo ndiyo barua bora niliyowahi kupata kutoka kwa mwanafunzi. "Mungu akulipe dada," ameandika. "Wengine wote walinyamaza. Wewe peke yako ulituokoa."

Niliisoma mara mbili. Ya pili sikuweza kumaliza. Bora angenitukana.

Halafu, sijui ni nini kilinituma, labda ni mazoea ya jana, nikabonyeza gurudumu la mipangilio la akaunti yangu mwenyewe. Sikuwahi kupaangalia pale. Kwa nini nipaangalie, ilhali aliyeweka za wote ni mimi na yangu sikuiweka?

Anwani ya madam ilikuwepo.

Nilikaa nikiitazama. Haikunichukua muda kuelewa. Daftari langu lilikuwa kwenye droo yao, paswedi yangu ukurasa wa kwanza, na maelekezo yangu yalikuwa hatua kwa hatua, na vijipicha. Zein alikaa siku moja na kidole chake kimoja akayafuata, na hayakumshinda, kwa sababu niliyaandika vizuri. Jana watu thelathini walibonyeza wakahifadhi. Mimi nilikuwa mbele yao na akaunti ya mfano. Katika shule nzima, aliyekuwa bado hajaitoa ni mimi. Na ile barua ya Prossy, na kichwa chake kinachojitosheleza, ilikuwa imeshafika ofisini.

Simu ya mezani ikalia. Ilikuwa Zein.

"Madam anakuita."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi." Akasita kidogo. Ni kijana wa adabu. "Amesema uje na ufunguo wa maabara."

Nikamwambia nakuja. Nilimfikiria Hashir amesimama jikoni, ameniambia nisimuulize. Nilimfikiria Faustine, ambaye sikumwandikia hata mstari mmoja tangu aondoke. Kazi ilishakwenda, hilo nililijua, na karatasi niliyosaini haikuwa na la kunifanya zaidi ya hilo. Kilichobaki mkononi mwangu kilikuwa shukrani ya Prossy, na hiyo haikuwa yangu.

Nikabonyeza pa kujibu. Nikafuta kichwa alichoandika yeye nikaandika changu: "Aliyeweka nakala za barua zenu ziende kwa madam ni mimi, Swafiya, Januari, na Faustine aliondoka kwa ajili hiyo, Mohannad hana kosa". Nikafika ndani ya barua nikatafuta maneno ya kuongeza. Nilitaka kueleza habari ya kibali cha Hashir, na hisani, na chai na tende. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililobadilisha kichwa cha barua. Nikaacha ndani patupu.

Kisha nikaongeza anwani ya walimu wote. Na mimi nimo katika walimu wote, kwa hiyo nakala ingempata na madam. Safari hii nilitaka impate. Nikatuma.

Nikazima kompyuta, nikazima kiyoyozi, nikachukua ufunguo kwenye msumari wake. Nyuma yangu, kwenye chumba cha walimu, nikasikia simu ya mtu inalia mlio wa barua, halafu ya pili, halafu nyingine nyingi kwa pamoja. Njia ya kwenda kwa madam inapita mlango wa darasa la tatu. Ulikuwa wazi, na watoto walikuwa wanasoma kwa sauti. Nikapita bila kuchungulia.